Dawa ya kutu kwa vyuma vya zamani: ipi ununue Lamu

Malalamiko ninayoandikiwa na wasomaji ni yale yale: mkasi au bawaba imesuguliwa kwa ndimu na chumvi, ikang'aa, na kulipokucha ikawa nyekundu tena. Basi kasi ya kutoa kutu siipimi hapa, maana karibu kila kitu kichachu huitoa. Mimi natazama jambo moja: dawa inaacha nini kwenye chuma?

Kutu huchimba vishimo vidogo mno. Chumvi ikiingia humo huvuta unyevu, na chuma huanza kuliwa upya chini ya mng'ao. Hapa kwetu upepo wenyewe una chumvi, na maji ya visima vingi vya mjini hali kadhalika. Kuongeza chumvi kwa mkono wako ni kuialika kutu irudi.

Ya kwanza kwangu ni Evapo-Rust, na sifichi kwamba naipendelea. Hufanya kazi kwa kushika madini ya kutu na kuyatoa, wala si kwa uchachu, kwa hiyo haikili chuma kizima. Hupenda joto, nasi joto tunalo. Toa mafuta kwanza, kisha zamisha chuma chote. Ncha ya keekee ya zamani iliyolowekwa tangu alfajiri hutoka na utando mweusi kama masizi; upanguse kwa kitambaa, utaona alama za nyundo za mhunzi zingalipo. Dawa yenyewe irudishe chupani, itatumika tena mpaka iwe nyeusi na kuchoka.

Ya pili ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe wenye uchachu wa limau. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji, ndani ya chombo cha plastiki, na uchungulie kila baada ya saa moja. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili uchachu ufe, kisha kwa maji ya mvua. Mabati na vyuma vilivyopakwa zinki usivitie humo, zinki itayeyuka.

Siki ni ya tatu: inafaa, ila ni ya polepole. Soda ya kola inyweni.

Chochote utakachochagua, kausha juani papo hapo na upake mafuta ya cherehani chuma kikiwa bado na joto. Hatua hii haina mbadala, hasa majira ya kusi.

Sasa wauzaji. Najua mzigo huja kwa lori hadi Mokowe, kisha boti, kisha punda, na kila mmoja lazima alipwe. Lakini maduka mawili yanayotazamana kuuza chupa ile ile kwa bei zilizopishana mbali, hilo halitokani na boti. Kibaya zaidi ni "dawa ya kutu" inayomiminwa kwenye chupa za maji bila lebo. Mara nyingi ni asidi ya kusafishia vyoo. Hiyo huacha kloridi, ile ile sumu ya chumvi, na mvuke wake hushikisha kutu hata vifaa vilivyo kabatini. Ikikutana na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, hutoa gesi ya klorini, inayoweza kuua mtu ndani ya choo kidogo. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha lebo, muachie chupa yake.