Uzoefu wangu: kambi ya likizo ya watoto wenye kisukari, Jambiani

Binti yangu ana umri wa miaka 11 na anaishi na kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho haitengenezi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na mtoto hana budi kuchoma sindano kila siku. Likizo ya Disemba iliyopita tulimpeleka kutoka Wete hadi Jambiani, Unguja, kwenye kambi ya watoto wenye maradhi kama yake. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaosita kumwachia mtu mwingine mtoto ambaye wao wenyewe huamka usiku kumpima.

Ninaipendekeza kambi hii, na sababu yangu kubwa si bahari wala michezo, ingawa watoto walicheza hadi wakachoka. Ni kwamba kwa mara ya kwanza binti yangu alikaa mahali ambapo kila mtoto ana sukari. Skulini kwao ni yeye peke yake, na kwa kuwa watu wengi wamezoea kuiita sukari maradhi ya wazee, alikwishajifunza kujificha: hapimi mbele ya wenzake, hachomi nje ya nyumba, na akialikwa shughulini husema ameshiba. Kambini, kabla ya chakula cha mchana, wote walipanga foleni wakatobolewa vidole, wakasomeana namba zao, kisha wakaenda kula. Hakuna aliyemkodolea mwenzake macho.

Kuna jambo moja lililonigusa zaidi. Kwa muda mrefu alikuwa akichoma sehemu ile ile ya paja kwa sababu haimuumi sana, hadi pakafanya uvimbe mgumu, na insulini ikichomwa penye uvimbe wa namna hiyo hainyonywi sawasawa. Mimi nilimwambia, muuguzi wa kliniki alimwambia, naye akiitikia tu. Kambini alikuwapo msichana mkubwa wa Makunduchi, mwenye sukari tangu utotoni. Msichana huyo aliketi naye mkekani, akamwonyesha namna ya kubingirisha kichupa cha insulini nyeupe kati ya viganja bila kukitikisa, akamfunulia tumbo lake mwenyewe na kumweleza anavyohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tangu hapo binti yangu anahamisha mwenyewe, wala hasubiri kukumbushwa. Mzazi husema kwa mapenzi yote, lakini hawezi kusema akiwa na sindano yake mwenyewe mkononi.

Kuhusu usalama, niliuliza mengi na nikaridhika. Mwili unaokimbia hutumia sukari nyingi, na athari hiyo inaweza kuendelea hadi usiku, ndiyo maana waganga wa kambi walipunguza dozi kwa siku za michezo mingi na wakawa wanawapima watoto hata wakiwa wamelala. Insulini ilihifadhiwa kwenye friji yenye kipimajoto, na walipotoka kwenda pwani iliwekwa kwenye chombo cha baridi huku vichupa vikitengwa na barafu, kwa kuwa insulini iliyoganda imeshaharibika. Chakula kilikuwa chetu cha kawaida, wali, samaki wa nazi na muhogo. Hawakukatazwa wali, walifundishwa kuupima kwa kikombe na kuhesabu vipande vya muhogo kabla ya kuamua kiasi cha dozi.

Katika daftari alilorudi nalo nimeona alasiri moja, maji yakiwa yamekupwa na watoto wakicheza mpira mchangani, imeandikwa kipimo cha sukari ya damu, kwa milimoli kwa lita: 3.2, mikono inatetemeka, juisi nusu glasi. Na chini yake, baada ya dakika 15, 5.1. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: sukari ikiwa chini ya 3.9, mtoto apewe kiasi cha gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, asubiri, apimwe tena. Aliyeandika mistari ile ni binti yangu mwenyewe, kwa mwandiko wake.

Kambi za aina hii zina historia ndefu. Mgonjwa wa kwanza alichomwa insulini mjini Toronto mwezi Januari 1922, na kufikia mwaka 1925 tayari Michigan, Marekani, ilikuwa na kambi ya watoto wenye kisukari. Mwaka 1988 mwigizaji Paul Newman alianzisha kambi huko Connecticut kwa ajili ya watoto wenye saratani na maradhi mazito ya damu. Natamani sana wazazi wa watoto wenye sikoseli, maradhi ya damu ya kurithi, ambao ni wengi hapa kwetu, nao wapate yao, ikiwa na utaratibu unaowafaa: maji ya kunywa wakati wote, vivuli, mapumziko, na kuepuka kukaa kwenye maji ya baridi.

Sikuridhika na sehemu ya wazazi. Tulipewa mazungumzo mafupi asubuhi ya mwisho, ilhali ni sisi tunaorudi na mtoto nyumbani, na sisi wa Pemba tulikuwa tukiwaza boti ya kurudi Mkoani. Tangu hapo hakuna aliyetupigia simu kuuliza hali. Mtoto aliyejifunza kurekebisha dozi anahitaji kufuatiliwa, na mwalimu wake wa darasa anahitaji angalau karatasi moja ya maelekezo. Hilo nimelazimika kulifanya mwenyewe.

Kwa aliyegunduliwa karibuni, ambaye dozi yake bado haijatulia, ningesubiri likizo nyingine. Kwa wengine, kabla ya kuandikisha, ulizeni nani anakesha na watoto usiku, insulini inawekwa wapi umeme ukikatika, na gari gani litampeleka mtoto hospitali, kwa muda gani. Mimi nilijibiwa yote na nikaonyeshwa kwa macho, na likizo ijayo nitampeleka tena.