Mashine ya kulowekea miguu ya 110,000 au beseni la 8,000? Nimetumia vyote, mi nina baridi yabisi

Habari zenu wapendwa. Watu wengi wameniuliza kuhusu hii mashine ya kulowekea miguu na maji ya moto kwa ujumla kama kweli yanasaidia baridi yabisi, sasa leo nimepata nafasi naandika yote nliyoyaona, samahanini kama ntakuwa mrefu.

Mi ni fundi cherehani hapa Tanga. Nina ile baridi yabisi yenyewe inaitwa rumatoidi, nimepimwa damu nikaambiwa 2019 baada ya karibu mwaka mzima wa kupewa vidonge vya maumivu tu na kuambiwa ni uchovu wa kushona. Watu huku kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi, goti la mzee baridi yabisi, mgongo baridi yabisi, na kila mtu atakwambia usishike maji ya baridi ndo yamekuletea. Hapana jamani. Hii yangu ni kinga ya mwili inageuka inashambulia viungo vyenyewe, ule utando wa ndani ya kiungo unavimba, na inapenda sana viungo vidogo vya vidole na nyayo, tena pande zote mbili kwa pamoja. Wanawake ndo inatupata zaidi. Lakini hilo neno yabisi nalikubali kabisa, maana yake kikavu, kilichokauka kikakaza, na ndivyo mikono inavokuwa alfajiri. Naamka saa kumi na moja vidole vimekaza siwezi kukunja ngumi, siwezi kuzungusha kitasa, kanga nafungiwa na binti yangu. Kabla sijajua mambo ya maji ilikuwa mpaka saa tatu au saa nne ndo mikono inaanza kunitii, na mteja gauni lake analitaka saa nne hiyohiyo.

Sasa mashine. Wifi yangu yuko Dar, alinihurumia akaninunulia Kariakoo kwa 110,000 akanitumia kwenye basi. Ni ile ya kukunja, ukiifungua inasimama kama ndoo pana, ina vitufe juu, taa nyekundu, chini ina vigurudumu vya kusugua nyayo na vipovu. Nilifurahi sana siku ile na namshukuru mpaka leo kwa moyo wake, ila mashine yenyewe lazima niseme ukweli kwa sababu kuna wagonjwa wenzangu wanadunduliza hela waipate.

Kwanza ukiweka maji ya bomba ukasubiri ichemshe yenyewe utakaa dakika zaidi ya ishirini, na umeme ukikatika ndo basi, kwahiyo mwisho wa siku unachemsha maji jikoni unamimina humo, mashine kazi yake inabaki kutunza joto tu. Pili namba inayoonyesha si ya kuamini, ya kwangu iliandika 42 nikatumbukiza kipimajoto cha kuogeshea mtoto kikasoma 36. Vile vigurudumu mtu mzima mguu wake atavipenda, ila mimi hapa chini ya vidole vya mguu ndo kumevimba, kukanyaga tu chini asubuhi ni kama nakanyaga kokoto, nikavikanyaga mara moja nikatoa mguu mbio.

Na kubwa kuliko yote ni kumwaga maji. Kuna kibomba pembeni kina kizibo kidogo cha mpira, saizi ya kifungo cha shati, unatakiwa ukibane kwa ncha za vidole viwili ukivute. Ncha za vidole! Yaani kitu wanakiuza kwa wenye maumivu ya viungo alafu mlango wake wa kutolea maji unahitaji vidole vizima. Siku ya pili binti yupo shule nikakivuta kwa meno, kikachomoka ghafla, maji yote sebuleni mpaka chini ya vitambaa vya wateja. Nilikaa chini nikalia, sikufichi. Kuinua pia huwezi, lita saba za maji kwa viganja hivi haiwezekani. Na mikono haiingii vizuri imetengenezwa kwa miguu, wakati mimi mikono ndo riziki yangu.

Zuri lake lipo. Jioni ukikaa muda mrefu maji hayapoi, na mama mkwe wangu ambaye shida yake ni visigino tu anaipenda kweli, nimemwachia. Ila muwe mnazima kwenye soketi kabla ya kutia na kutoa miguu, na plagi isishikwe na mkono wenye maji.

Beseni sasa. Nina mawili ya plastiki 8,000 kila moja, moja la miguu na moja la mikono, na hapa ndipo nilipopata nafuu ya ile asubuhi. Binti jioni kabla ya kulala anajaza maji ya bomba lita kumi hivi kwenye kila beseni, anaweka bafuni, la mikono juu ya kigoda, anafunika. Kwenye meza ndogo pembeni anaacha chupa za chai mbili zina maji yaliyochemka. Chupa moja ya lita 1.8 ukiimimina yote kwenye lita kumi unapata nyuzijoto 36 hivi kwa maji ya hapa kwetu, nimepima mara nyingi, mnaoishi Lushoto au Arusha itabidi muongeze. Inayotakiwa ni kati ya 33 na 38, ikifika 40 hiyo ni nyingi. Kama huna kipimajoto tumia kiwiko, sio vidole, maana vidole vyetu vingine vimeshakufa ganzi havisemi ukweli.

Natia mikono mpaka juu ya kifundo na miguu kwenye lile lingine. Dakika tano za mwanzo husikii kitu. Kama ya nane hivi kuna kulegea kunaanzia kwenye kiungo cha kidole gumba, unajua tu sasa damu inapita, kisha kimojakimoja. Nikiona vimelegea ndo naanza mazoezi humohumo ndani ya maji, nakunja ngumi taratibu nafungua, napeleka gumba liguse ncha ya kila kidole, natanua vidole kama majani ya kuti nafumba tena. Kukaa tu bila kuchezesha vidole faida inakuwa nusu. Dakika 15 mpaka 20 zinatosha, najifuta, napaka mafuta ya nazi, na mabeseni nayasukuma kwa mkono huu wa juu ya kiwiko maji yanakwenda na tundu la bafu, hakuna kuinua. Saa kumi na mbili na nusu nafunga kanga mwenyewe. Saa moja na nusu natunga uzi kwenye sindano. Kwa mtu mwingine hicho ni kitu kidogo.

Chumvi ya Epsom, ile ya magnesi ya kutia kwenye maji ya kulowekea, wengi mmeuliza. Nilinunua duka la dawa nikaitumia wiki mbili, kisha wiki mbili maji matupu, sikuona tofauti yoyote kwenye vidole isipokuwa ngozi kukauka. Kama unaipenda tumia haina ubaya mkubwa, ila usiache kununua dawa ukanunua chumvi. Majani ya mkaratusi jirani yangu bibi mmoja ananiletea, harufu yake inatuliza roho, basi ni hivo.

Siku ambazo nisingeingia kwenye maji ya moto ni zile kiungo kimewaka, kimevimba kinang'aa, ukikigusa kina joto lake chenyewe. Nilifanya kosa hilo mwanzoni, nikidhani moto ndo dawa, usiku ule mkono ulikuwa unapwita mpaka asubuhi. Siku kama hiyo ni kitambaa cha maji baridi na kupumzika. Na mwenye kisukari awe mwangalifu sana, kuna mzee mtaani kwetu aliungua nyayo zote mbili hajasikia mpaka alipoona malengelenge, apimiwe maji na mtu mwingine kila siku. Mwenye kidonda asiloweke. Mwenye moyo au presha ya kusumbua aulize daktari wake kwanza, hasa kama ni kuloweka mwili mzima, na mjamzito pia.

Kuna kitu inabidi nikiseme hapa hata kama kinaniuma. 2021 maji yalinisaidia mpaka nikajiona mzima, methotreksati nikaiacha, ile dawa ya kutuliza kinga isishambulie viungo, ya mara moja kwa wiki, mi naimeza jumamosi na vitamini ya foliki asidi siku nyingine kama nlivoelekezwa. Niliacha miezi miwili. Asubuhi nalowesha mikono inafunguka, najisemea naam dawa za nini. Kumbe maji yanalegeza ukakamavu tu, ule moto wa ndani unaendelea kula kiungo huku wewe unajiona una nafuu. Kidole changu cha shahada cha kulia kilipinda kwenye kiungo cha kati na hakijarudi mpaka leo, mkasi nimejifunza kuushika upya. Kwahiyo mtu akiniambia ameacha dawa anatumia maji tu namwonyesha hiki kidole. Na tena hiyo dawa ni kwa wiki, usije ukaimeza kila siku ukidhani unaharakisha, ni hatari sana.

Majimoto ya huku Amboni, yale ya salfa wengine wanayaita Galanos, nimeenda mara mbili. Harufu ni ile ya yai viza lakini mwili ukizama humo uzito unapotea, magoti na nyonga zinapumzika kwa namna beseni haliwezi, nilitoka nimelegea kama mtoto. Tatizo kwenda na kurudi kwenye pikipiki kunarudisha maumivu yote, na sio kitu cha kila alfajiri.

Mwisho kuhusu chupa ya chai, manake hii ilinigharimu kujifunza. Usinunue yenye kifuniko cha kuzungusha, hutaifungua saa kumi na moja asubuhi. Chukua ile ya kubonyeza juu, iweke ukingoni mwa meza, beseni lako liwe chini yake, bonyeza kwa kisigino cha kiganja au hata kwa kiwiko, maji yanashuka yenyewe huinui chochote. Yangu nilinunua 25,000 sokoni, mwaka wa tatu huu bado inatunza moto tangu saa tatu usiku mpaka alfajiri.