Piazza del Campo au Piazza della Signoria?

Ukiwa na siku moja tu Italia, mimi ningekupeleka Siena. Uwanja wa Campo umeinama kama ganda la kombe, na sakafu yake ya matofali imegawanywa vipande 9, ukumbusho wa wale watawala Tisa walioongoza mji huo zamani. Watu hujilaza hapo chini kama mkekani, wakiutazama mnara wa Mangia. Tarehe 2 Julai na 16 Agosti farasi hushindana kuuzunguka uwanja huo. Siku hizo hata pa kuweka mguu hupati.

Signoria ya Firenze ina historia nzito zaidi: bamba la mviringo linaonyesha mahali mtawa Savonarola aliponyongwa na kuchomwa mwaka 1498. Ila sanamu ya Daudi inayosimama mlangoni pa jumba la Palazzo Vecchio ni nakala. Ile halisi ya Michelangelo iliondolewa 1873.