Biti za kukatia vizibo vya njumu: uzoefu wangu kwenye mninga na mpingo

Sina mashine ya kukereza, ile inayozungusha mbao ili uichonge iwe duara, na sina mpango wa kununua. Karakana yangu ni nyembamba, na kazi inayonilisha ni makasha na meza ndogo za mninga. Wateja huzipenda zikitiwa njumu za duara, yaani mapambo yanayopachikwa ndani ya mbao: vidoti vyeusi vya mpingo vilivyopangwa kama misumari ya shaba ya kasha la Kizanzibari. Kwa ajili ya vidoti hivyo nilinunua seti ya biti za drili za kukatia vizibo (vipande vidogo vya mbao vya duara vya kujaza tundu), ile ya vipande 8 inayouzwa mtandaoni bila jina la maana. Ina saizi nne, milimita 6, 10, 13 na 16, na kila saizi ina biti mbili: moja inakata wima, nyingine ina kucha zinazotoa kizibo chembamba juu na kinene kidogo chini.

Hizo za kucha ndizo zilizorudisha pesa yangu. Kizibo kinaingia kwenye tundu kwa upande mwembamba, na kadiri unavyokigonga kwa nyundo ya mbao ndivyo kinavyojibana, hadi ule mzingo wa gundi hauonekani tena. Za wima hutoa kizibo kinachopwaya kidogo, na kwenye mbao nyepesi rangi utaona duara la gundi hata ukiwa mbali. Zimelala kwenye droo.

Kuna watakaouliza kwa nini nisikate tu vipande vya fimbo ya mviringo ya dukani. Fimbo inaonyesha kichwa cha mbao, yaani pale nyuzi zilipokatwa, na kichwa hunywa mafuta kuliko uso, kwa hiyo kidoti kinabaki cheusi kuliko ubao wake. Biti hizi zinakata kutoka usoni mwa ubao. Unaweza kukizungusha kizibo mpaka nyuzi zake zilale pamoja na za ubao. Mninga juu ya mninga, kufunika vichwa vya skrubu, nikishapaka mafuta vizibo huwa navitafuta kwa kidole.

Maelezo ya kwenye boksi yanasema zinafaa drili yoyote. Hapo wametudanganya. Biti haina ncha ya katikati, kwa hiyo ukishika drili mkononi inateleza na kuchora duara za ovyo. Drili ya kusimama haina shida. Kama huna, chukua kipande cha plaiwudi, toboa tundu linalolingana na unene wa nje wa biti, kisha kibane juu ya ubao kwa klempu. Kitaishika biti mpaka ianze kuuma.

Mpingo ni mtihani mwingine. Ni mti mzito hadi unazama majini, na chuma cha biti hizi ni cha kawaida. Ukiiendesha kasi makali yanageuka bluu na ndio mwisho wake. Punguza mwendo, kandamiza kidogo, inua biti mara kwa mara itoe unga. Milimita 10 na kuendelea zinafanya kazi nzuri. Ile ya 6 inajaa unga, kizibo kinavunjikia ndani, na unaanza kukitoa kwa msumari. Kwa vidoti vidogo vya mpingo nimerudi kwenye bamba la chuma lenye matundu: napasua kijiti kufuata nyuzi, nakichonga kidogo kwa kisu, nakipitisha kwa nyundo kwenye tundu kubwa kisha dogo. Kinaonyesha kichwa, lakini mpingo ni mweusi pande zote.

Usitoboe ubao hadi upande wa pili, na usiving'oe vizibo kwa bisibisi, maana mpingo unamomonyoka kwenye kitako. Bandika karatasi yenye gundi ya wapaka rangi juu ya vizibo vyote, kisha pasua ubao kwa ubavu na msumeno wa meno madogo. Vinatoka vimeshikana kwenye karatasi, nyuzi zote zikielekea upande mmoja. Ukishavigundisha, punguza kwa patasi kali kabla ya msasa, kwa sababu unga mweusi huingia kwenye vinyweleo vya mbao nyepesi na hautoki. Vaa na barakoa. Unga wa mpingo unawasha pua na ngozi.

Nyota tatu kati ya tano. Muuzaji akikubali kuuza biti za kucha peke yake, chukua ya 10, ya 13 na ya 16, na umwachie zilizobaki.