Wiki 6 za kozi ya meikapu hapa Dodoma, mapishi ya Dar kwenye vumbi letu

Kila siku naulizwa na wadogo zangu kama wakalipie kozi ya meikapu, sa ngoja niseme nilivyoyaona mi mwenyewe. Nilisoma wiki 6 kwenye saluni moja ya hapa mjini, jina naliacha, ada 350,000, na niliambiwa humo humo kuna seti ya brashi. Kumbe seti ni moja ya darasa zima, watu 9 tunapokezana, ukitaka ya kwako wanakuuzia kwa bei ambayo ukienda Majengo sokoni unanunua na nauli ya bajaji inabaki. Iliniuma ila sio kubwa.

Mwalimu mkono anao, simnyimi haki yake. Nyusi tu tulikaa nazo siku 4 mpaka nikawa naziota usiku. Faundesheni hujaribii nyuma ya mkono, unajaribia kwenye taya unashuka nayo shingoni af unamtoa mtu nje umwangalie kwenye jua, maana taa za saluni waongo sana. Na usafi ndo usiseme, lipstiki unachota kwa kijiti unaweka kwenye kibao ndo upake, brashi ya maskara ikishagusa jicho la mtu hairudi kwenye chupa, ukirudisha unatolewa nje mbele za watu. Gundi ya kope lazima uijaribie kwanza kwa mteja kabla ya siku yenyewe, kuna wengine inawavimbisha macho.

Shida ni kwamba mwalimu kafanyia kazi Dar miaka yote na mapishi yake ni ya Dar. Kule mtu anavuja jasho kwahiyo unamkausha, praima ya kukata mafuta, ile inayotangulia chini ya faundesheni, poda unashindilia chini ya macho unaiacha ikae ndo uipanguse. Sa hapa Dodoma jasho hilo liko wapi? Hapa ni upepo, vumbi na ukavu, mwezi wa 7 unaamka midomo imepasuka na miguu ina mistari myeupe hata ujipake nini.

Bibi harusi wangu wa kwanza alikuwa wa Nkuhungu, mwezi wa 8, nikampiga vilevile nilivyofundishwa, asubuhi anang'aa mpaka mi mwenyewe nikajipiga picha naye, wanatoka kanisani saa 7 uso umeshapasuka pasuka kama tope lililokauka. Shangazi yake akanivuta pembeni akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu mtoto umempaka chokaa?" Nilitamani ardhi inimeze. Af picha za flashi zikatoka ana miduara myeupe chini ya macho, ile poda nyeupe niliyoshindilia, iliyotengenezwa kwa madini ya silika (silica), ndo tabia yake, kwa macho huioni ila kamera inaiona. Nusu ya hela nikairudisha hata sijaombwa.

Siku hizi naanza na losheni, namwacha mtu kama dakika 10 anywe chai, faundesheni kidogo kidogo kwa sponji lenye unyevu, poda inaishia puani na kwenye paji la uso basi. Hakuna aliyenifundisha hiyo.

Na upande wa kujitafutia wateja walitupa asubuhi moja tu, tena nusu yake tulikuwa tunafundishwa kupiga picha. Hakuna aliyesema chukua nusu ya hela kwanza ndo uandike tarehe kwenye daftari. Nilienda Kongwa kwa bei ya mjini, nauli na kulala juu yangu, nikarudi na elfu 8. Wala hakuna aliyesema Kwaresma simu inalala kabisa, hamna harusi za kanisani, usipoweka akiba ya Desemba utakula poda.

Ada ningeilipa tena kwa ajili ya zile nyusi na usafi. Ila ukienda kuulizia kozi usikubali kuonyeshwa picha za mtu ndo kwanza kanyanyuka kwenye kiti, waombe wakuonyeshe uso uliopakwa asubuhi ukiwa saa 10 jioni, na kama aliyepakwa alitembea juani hapo ndo utoe hela.