Nililipa bei ya kitabu, nikaambiwa nimenunua ruhusa ya kukisoma

Naandika haya nikiwa bado na hasira. Nimeisubiri hasira hiyo wiki mbili ipungue, haikupungua. Miezi kadhaa iliyopita nililipatia duka hili la vitabu pepe nyota nne, tena nikalisifia kwa walimu wenzangu pale shuleni. Leo nimerudi kuzishusha hadi moja, na huenda kabla sijamaliza kuandika nikabadili tena, kwa sababu jambo hili lina upande mwingine ambao nao unanivuta. Jina la duka naliweka kando. Wanaolitumia watalitambua, na wasiolitumia watakutana na masharti ya aina hiyohiyo kwingine.

Kitabu chenyewe ni cha historia ya mwambao wetu, kina kurasa zaidi ya 400, na ni kizito kiasi kwamba huwezi kukishika kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika bomba la daladala. Kwa sababu hiyo nilikitaka kwenye simu. Duka la vitabu karibu na Posta lilikuwa likiuza nakala ya karatasi kwa shilingi 35,000, na kwenye programu yao kilikuwa shilingi 34,000. Nilijiuliza kama ile elfu moja iliyopungua ndiyo thamani ya karatasi yote ile, wino, gundi, jalada na lori lililokisafirisha. Nikalipa kwa simu, makato ya muamala yakaingia, nikakipakua kwa bando langu mwenyewe, na nilipopiga hesabu nikaona kwamba kitabu kisicho na karatasi kimenigharimu zaidi ya chenye karatasi. Sikulalamika. Nilisema moyoni kwamba nalipia wepesi, na kwa kweli nilikifurahia. Nilisoma kila asubuhi kutoka Tabata hadi kazini, na kila nilipokuta jambo la kuwafaa wanafunzi wangu nililiwekea alama na kuandika maneno mawili matatu pembeni.

Kisha simu yangu ikaibwa Buguruni, wakati watu wakigombania kupanda gari. Nikarudishiwa namba yangu, nikanunua simu nyingine Kariakoo, nikapakua programu upya, nikaingiza namba na neno la siri. Rafu ikafunguka. Jalada la kitabu changu lilikuwepo, na chini yake kile kimstari kinachoonyesha kwamba nimefika asilimia 62. Nilipokigusa, kikatokea kisanduku cha kijivu kilichoandikwa: “Kitabu hiki kinatumika kwenye kifaa kingine. Ondoa kwanza kifaa hicho.” Nikatafuta jinsi ya kukiondoa, nikaelekezwa kufungua programu kwenye simu ileile ya zamani na kubonyeza mahali fulani. Simu ya zamani ilikuwa mikononi mwa kibaka.

Nilipiga simu ya huduma kwa wateja siku nne, nikasikiliza muziki. Siku ya tano, au ya sita, nikaamua kwenda mwenyewe ofisini kwao, ghorofani, maeneo ya Makumbusho. Nilibeba risiti ya malipo niliyoichapisha stationari kwa shilingi mia mbili, pamoja na karatasi ya taarifa ya polisi ya upotevu wa simu. Niliingia, nikasalimu. Kijana aliyekuwa mezani hakuitikia. Ana umri wa wanangu, na kwa malezi ya hapa kwetu yeye ndiye aliyepaswa kutangulia na shikamoo, lakini hilo sikulidai. Nilitaka ainue macho tu. Nilisalimu mara ya pili, naye akasema, “Ndiyo, mama,” huku kidole gumba kikiendelea kupanda na kushuka kwenye simu yake.

Nikaeleza tangu mwanzo. Akanijibu kwamba vigezo na masharti niliyakubali mwenyewe nilipojiunga. Nikamwambia kwamba nimelipa shilingi 34,000, risiti hii hapa, na ninachoomba ni kitabu changu. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, akasema maneno ambayo tangu siku ile yananijia nikiwa napika, nikiwa nasahihisha madaftari, hata nikiwa kwenye ibada: “Mama, wewe hukununua kitabu. Ulinunua ruhusa ya kukisoma. Kama unakitaka kwenye simu mpya, lipia tena.” Mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi akisubiri zamu yake aligeuka kunitazama, nikaona aibu kana kwamba nimekuja kuomba cha bure. Karatasi zangu hakuzigusa. Nilizikunja, nikashuka kwa ngazi bila kusubiri lifti.

Ninachoumia zaidi ni kwamba yule kijana, pamoja na utovu wake wote wa adabu, alisema kweli. Nilifungua masharti yao usiku ule nikayasoma hadi mwisho, na ndivyo yalivyoandikwa: mteja anapewa leseni, na leseni hiyo inaweza kuondolewa. Wala hayakuanza kwetu. Mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye vifaa vya wateja wake huko Marekani na kufuta vitabu viwili vya George Orwell ambavyo watu walikuwa wameshavilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na kufikia Julai mwaka huo vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha zao, na waliokuwa wameandika maelezo yao ndani ya vitabu waliongezewa dola 25. Niliposoma habari ya hizo dola 25 niliwaza maelezo yangu mwenyewe, yale maneno mawili matatu ya pembeni. Huko angalau kuna mtu aliyekumbuka kwamba msomaji naye huweka kazi yake ndani ya kitabu.

Sasa nirudi kwenye bei, maana hapo ndipo ninapotaka duka hili na mengine yanisikilize. Nilipokaa kuandika nilikusudia kudai kwamba kitabu pepe kiuzwe nusu ya bei ya kitabu cha karatasi, basi. Nililisema hilo kwenye chumba cha walimu, na mwenzangu mmoja ambaye aliwahi kuchapisha riwaya kwa fedha zake akanipinga kwa upole. Alisema kwamba uandishi ulimchukua miaka, akamlipa mhariri, akamlipa aliyepanga kurasa na aliyechora jalada, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayepunguza ujira eti kwa sababu kitabu kitasomwa kwenye kioo. Watu wa kazi hiyo huko nje pia husema hivyo, kwamba uchapaji ni sehemu ndogo ya bei ya kitabu, na fungu kubwa huchukuliwa na muuzaji. Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa nimelifikiria. Nisingependa haki yangu ipatikane kwa kumnyima mwandishi wa Kiswahili mrabaha wake, ambao tayari ni mdogo.

Lakini mwenzangu huyohuyo aliendelea kusimulia kwamba alichapa nakala 500 kwa mkupuo, maboksi yakakaa chini ya kitanda nyumbani kwake Mbagala, mvua za masika zikaingia ndani, na nakala nyingi zikaota ukungu kabla ya kupata mnunuzi. Kitabu pepe hakina boksi la kulowa. Hakina nakala zinazorudishwa na duka, wala nauli ya kuzipeleka Mbeya. Akiba hiyo ipo, hata kama ni ndogo kuliko nilivyodhani, na ni lazima iwe imeingia mfukoni mwa mtu. Mwandishi hajaiona, na mimi niliyepunguziwa shilingi elfu moja sijaiona. Inawezekana kabisa bei ikashuka na mwandishi akafaidika: Amazon, katika masoko yake makubwa, humpa mwandishi anayejichapishia asilimia 70 akiweka bei kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 akitoka nje ya mipaka hiyo. Maana yake ni kwamba anayepandisha bei kupita kiasi ndiye anayepunguziwa fungu.

Wala mtu asiniambie kwamba bei hizi hupangwa na gharama peke yake. Aprili 2012 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Apple pamoja na wachapishaji wakubwa watano kwa kupatana kupandisha bei za vitabu pepe, wakati Amazon ilikuwa ikiuza vingi vilivyo vipya kwa dola 9.99. Mwaka 2013 mahakama iliamua kwamba Apple ilivunja sheria ya ushindani, na mwaka 2016 wasomaji wakaanza kurudishiwa fedha kutoka kwenye fungu la dola milioni 400. Ni kweli kwamba kodi nayo imewahi kuchangia. Uingereza ilikitoza kitabu pepe VAT ya asilimia 20 huku cha karatasi hakitozwi kitu, hadi Mei 2020 ilipovisawazisha. Hata hivyo, kodi haielezi kwa nini nilipe karibu sawa na kitabu cha karatasi halafu niondoke na haki chache kiasi hiki.

Maana tazameni kitabu cha karatasi kinafanya nini hapa mjini. Kabatini kwangu kuna kamusi aliyoninunulia marehemu baba nilipofaulu kwenda sekondari. Ukurasa wake wa kwanza una mwandiko wake wa wino wa bluu, na kwenye herufi M kuna doa la mafuta ya taa la enzi za kusomea koroboi. Kimesomwa na wadogo zangu watatu, kikaenda Morogoro kwa dada, kikarudi. Hakuna aliyemuuliza dada kama kifaa cha awali kimeondolewa. Na kitabu nisichokihitaji tena nakipeleka Posta kwa yule kaka anayepanga vitabu vya mtumba juu ya turubai, ananipa elfu nane au kumi kikiwa bado kizima, au ananibadilishia na kingine. Kile cha historia kingekuwa cha karatasi, ningekisoma chote, nikakiuza, na kingekuwa kimenigharimu shilingi 25,000 hivi. Cha simu siwezi kukiuza, siwezi kumwazima jirani, siwezi kuwarithisha wanangu. Hata Ulaya, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2019 kwamba kitabu pepe kilichotumika hakiwezi kuuzwa tena bila idhini ya mwenye haki, tofauti na kitabu cha karatasi.

Kwa hiyo dai langu nalibadilisha. Kama kilicho mkononi mwangu ni ruhusa, basi kiuzwe kwa bei ya ruhusa, kama mtu anayepanga chumba asivyolipa bei ya nyumba, na neno “nunua” litoke kwenye kile kitufe cha kijani. California tayari ina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomtaka muuzaji amwambie mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Na kama wanataka shilingi 34,000 kamili, mimi nitalipa, tena kwa moyo mmoja, mradi wanipe faili langu nilihifadhi ninapotaka, nilifungue kwenye simu yoyote, nimwazime mama yangu.

Mama yangu ndiye anayenizuia kuandika nyota moja. Anaishi Tandika, macho yake yamefifia kwa kisukari, na vitabu vya karatasi alishaviacha. Nilipokuwa na ile simu ya zamani nilikuwa nikienda Jumapili, nakuza herufi hadi mstari mmoja unabeba maneno manne, naye anasoma mwenyewe kwa sauti, taratibu, akinikataza nisimsaidie. Hakuna nakala ya karatasi hapa mjini ambayo ingempa hilo. Nikiwaza sauti yake nasema kwamba kitabu pepe kina thamani yake, pengine kwa mtu kama yeye kina thamani kubwa kuliko cha karatasi. Kisha namkumbuka yule kijana na kidole gumba chake, na kisanduku cha kijivu nilichomwonyesha mama nilipomweleza kwa nini Jumapili ile hatutasoma.

Juzi nilipokea ujumbe mfupi kutoka kwao: “Kifaa kimeondolewa.” Haukuwa na jina langu, wala pole. Kitabu kimefunguka. Kile kimstari kimerudi sifuri, na kila nilichoandika pembeni kimefutika, alama zote za somo la muhula mzima. Nimekwenda Posta nikanunua nakala ya karatasi kwa shilingi 35,000, na penseli. Ya kwenye simu nimemwachia mama.

Nyota naziacha mbili. Mkinirudishia maelezo yangu nitaongeza ya tatu. Namba yangu mnayo.