Siku mbili za baba wodini baada ya kiharusi kidogo

Kijiko kilimdondoka baba mkononi. Nilipomwangalia, mdomo ulikuwa umeshuka upande wa kulia na maneno hayatoki. Dakika kama 20 baadaye akarudi sawa kabisa, akasema hataki hospitali. Nikamlazimisha.

Pale mapokezi nilipotaja tu kupinda mdomo, walimwingiza bila foleni. Wakaanza na sukari, maana ikishuka sana huleta dalili kama za kiharusi, kisha presha, kisha sitiskani (CT scan) ya kichwa. Picha ikatoka safi. Baba akaanza kutafuta viatu vyake.

Daktari akavuta kiti. "Mzee, hatukulazi kwa yaliyopita. Tunakulaza kwa yanayoweza kuja." Akatueleza kwamba donge la damu lililoziba mshipa limeshapita, ila hatujajua lilitoka wapi, na kwamba hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Baba akavua viatu.

Usiku ule alilala na nyaya kifuani, mashine ikichunguza kama moyo unapiga ovyo. Kila baada ya muda nesi alimwamsha: "Baba, fumba macho, nyoosha mikono yote miwili. Haya, nionyeshe meno." Nami nilikuwa nakodolea macho kile kiganja cha kulia, kama kitashuka. Hakikushuka hata mara moja. Yule nesi sitamsahau, hakuwahi kuonyesha kuchoka.

Kesho yake alipigwa ultrasaundi ya mishipa ya shingo na MRI ya ubongo, yaani picha inayopigwa kwa sumaku. Tukaruhusiwa siku ya tatu asubuhi. Msidhani ni hivyo kwa kila mtu: wapo wanaorudi nyumbani siku hiyohiyo vipimo vikikamilika na kliniki ikiwa ya karibu. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye mshipa wake wa shingo ulikuwa umebana sana, tulimwacha akisubiri upasuaji.

Kilichoniudhi ni siku ya ruhusa. Tulipewa aspirini na klopidogreli, dawa mbili za kuzuia damu isigande, mfuko mkononi, kwaherini. Ilibidi nirudi dirishani kuuliza ndipo nikaambiwa kwamba kwa baba klopidogreli ni ya siku 21 tu, aspirini inaendelea. Jambo zito kama hilo halipaswi kungoja ndugu wa mgonjwa akumbuke kuuliza.

Kwa uangalizi wa wodini, ningempeleka palepale tena. Ila sitasaini karatasi ya ruhusa kabla sijaelezwa kila dawa inaisha lini.